Gari la Nyumbani Lisiliwe na Chumvi

Juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo ni kuosha gari nyumbani. Huenda baadhi yenu mkajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na safu ya familia. Tuvumilieni kidogo. Jambo hili liliigharimu nyumba yetu, nasi tungependa lisiigharimu nyumba nyingine.

Marehemu baba yetu alipofariki aliacha, pamoja na nyumba, gari moja jeupe aina ya Toyota. Alilinunua likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi ya magari yashushwayo bandarini Kilindini kutoka Japani, na alilidunduliziia fedha kwa miaka. Lilitupeleka madrasa, likampeleka mama hospitali, likabeba maiti na maharusi wa ukoo mzima. Baada ya baba kuondoka, tulikubaliana kwamba mama akimaliza eda gari liuzwe, na thamani yake igawiwe warithi kwa mafungu yao. Miongoni mwa warithi hao alikuwamo mdogo wetu wa mwisho, binti aliyekuwa angali shule ya msingi. Fungu lake tulilikusudia kwa karo ya sekondari.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno. Hakuwasha injini, wala hakuitazama rangi. Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akapitisha kidole chini ya ukingo wake. Vipande vya kutu vikaanguka sakafuni kama maganda ya kitunguu. Akafanya vivyo hivyo kwa mlango wa pili na wa tatu, kisha akanyanyuka akipangusa mkono. "Wanangu," alisema, "gari hili mmelipenda, lakini hamkulijua." Bei aliyoitaja ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi ya ile tuliyoitarajia. Tukawaita wanunuzi wengine wawili, nao wakainama pale pale.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba hatukuwa wavivu. Kila Ijumaa asubuhi, tangu tukiwa watoto, gari lile lilioshwa. Tulivuta maji ya kisima, tukakoroga sabuni ya unga ya kufulia, tukasugua kwa sponji moja kutoka paa hadi matairi, kisha tukaliacha likauke juani huku sisi tukijitayarisha kwa swala. Likionekana kwa mbali liling'aa. Wahenga wetu wa mwambao walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ya kwetu iliisha bila habari huku tukiimwagia maji kwa mikono yetu wenyewe.

Hakuna aliyeiba. Hata hivyo sehemu ya haki ya yatima ilipotea ikiwa chini ya uangalizi wetu, na tangu siku hiyo tulianza kujifunza tulichokosea. Haya tuandikayo leo ni matokeo ya kujifunza huko.

Adui wetu ni nani

Mtu wa bara aoshapo gari lake huondoa vumbi na matope. Sisi tukaao karibu na bahari tuna la ziada, nalo ni chumvi. Upepo wa kusi uvumapo hubeba matone madogo mno ya maji ya bahari, nayo hutua juu ya kila kitu: madirisha, nguo zilizoanikwa, mabati ya paa, na gari. Lipandalo feri ya Likoni kila siku hukanyaga maji ya bahari yaliyotuama gatini, na magurudumu huyarusha hadi chini ya bodi.

Chuma huota kutu kikikutana na maji na hewa. Chumvi huiharakisha kazi hiyo kwa njia mbili. Kwanza, yenyewe huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo mahali palipo na chumvi hapakauki vizuri hata kama hakuna mvua. Pili, maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mno upitao ndani ya chuma chenyewe. Hivyo mahali padogo palipokwaruzwa na jiwe, ambapo bara pengechukua muda mrefu kuharibika, hapa kwetu hufura mapema na kuanza kubanduka rangi.

Kati ya chumvi hiyo na chuma pana kinga moja tu, nayo ni rangi. Bati la gari litokapo kiwandani hupakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi tuionayo, na katika magari mengi ya siku hizi hufuatiwa na tabaka la vanishi isiyo na rangi. Yote hayo kwa pamoja kwa kawaida hayapiti sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwenye kusugua kwa nguvu na ajue kwamba anasugua ngozi nyembamba namna hiyo, na kwamba ikitoboka hairudi yenyewe.

Kutokana na hayo ndipo tulipofahamu kosa letu la msingi. Tulidhani kuosha gari ni kuling'arisha. Kumbe kuosha ni kuondoa chumvi na mchanga bila ya kuijeruhi rangi, na kuhakikisha kwamba maji hayabaki mahali yasipoonekana. Mng'ao hufuata baadaye, nao ukikosekana gari halifi.

Maji yenyewe

Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvi kwa kiasi fulani. Tulikuwa tukiondoa chumvi ya upepo kwa kutia chumvi ya kisima, kisha tukaiacha ikaukie pale pale. Yale madoa meupe ya mviringo yaliyokuwa yakibaki juu ya boneti na vioo tulidhani ni sabuni isiyosuuzwa. Yalikuwa chumvi na chokaa ya maji yetu.

Kuna njia rahisi ya kuyapima maji ya nyumbani. Chukua matone machache, yaweke juu ya kipande cha kioo au sahani ya rangi nyeusi, uyaache yakauke. Yakiacha ukungu mweupe, maji hayo hayafai kuwa ya mwisho kugusa gari. Aliye na maji ya kisima peke yake anaweza kuyatumia kulowesha na kuteremsha tope, lakini asuuze kwa maji matamu, juu na chini. Wakati wa masika, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni mazuri sana kwa kazi hii, maadamu umeyaacha yale ya mwanzo yapite na uchafu wa paa.

Tunajua kwamba maji matamu mjini kwetu ni ya shida. Wengi wetu huyanunua kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na hakuna mama atakayekubali mitungi ya jikoni imwagwe juu ya gari. Nasi tuliofunzwa tangu utotoni kujiepusha na israfu hata katika kutawadha, hatuna udhuru wa kuacha mpira wa maji ukimwagika uani. Mpira wa kawaida waweza kutoa lita 15 kwa dakika. Ukiuacha wazi dakika 20, umemwaga lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20.

Gari dogo la nyumbani linaoshwa vizuri kwa mitungi mitatu. Mtungi wa kwanza ni wa kulowesha na kuteremsha mchanga. Wa pili hugawanywa katika ndoo mbili. Wa tatu ni wa kusuuza. Linalosaidia sana ni lile bomba la mkono ambalo wakulima hulitumia kupulizia dawa mimea. Liwe jipya au lisilowahi kutiwa dawa, nalo hutoa maji membamba yenye nguvu ya kutosha. Asiye nalo na atumie kopo lenye vitundu au kata ya kawaida, akimimina pole pole.

Vifaa

Kwanza, ndoo mbili, na ya tatu ndogo kwa magurudumu. Pili, glavu au vitambaa vya mikrofaiba, vile vyenye nyuzi ndefu laini. Sponji ya kawaida tuliiacha, kwa sababu uso wake ni bapa, na chembe ya mchanga ikinasa hapo huburutwa juu ya rangi kama msasa. Nyuzi ndefu huimeza chembe hiyo na kuiweka mbali na rangi. Tatu, shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia na ile ya kuoshea vyombo zimetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo huondoa pia nta inayoilinda rangi. Nne, taulo mbili za mikrofaiba za kukaushia, safi na kavu. Tano, brashi laini, na chelewa moja iliyochomolewa kwenye ufagio. Kazi ya chelewa hiyo tutaieleza.

Kuna vitu ambavyo twawasihi msivitie katika kazi hii kabisa. Waya wa kusugulia masufuria usiguse rangi wala vioo vya taa. Mafuta ya taa na dizeli, ambayo wengine huyapaka kwenye matairi na plastiki ili zing'ae, huilegeza mipira na kukusanya vumbi. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi, kwani yakidondokea bodi huibabua rangi.

Utaratibu

Chagua wakati ambapo bati ni baridi: asubuhi mapema, au baada ya alasiri, na gari liwe kivulini. Maji yakikauka upesi juu ya bati la moto huacha madoa kabla hujayawahi. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kustarehe nacho hapo, subiri.

Anza na magurudumu, kwa ndoo na kitambaa chake peke yake. Vumbi la breki lina chembe za chuma, nazo hazifai kupelekwa kwenye rangi. Ukimaliza, kitambaa hicho usikirejeshe juu.

Kisha lowesha gari lote kutoka paani kwenda chini, uliache dakika mbili tatu maji yalainishe uchafu, halafu uliteremshie maji tena. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo yenye manufaa zaidi kwa rangi. Mchanga ulioondoka kwa maji hautakwaruza. Ule ulioachwa utasuguliwa na mkono wako mwenyewe. Wakati huo huo elekeza maji ndani ya madigadi, nyuma ya magurudumu, na chini ya bodi kadiri uwezavyo kufika. Huko ndiko chumvi ya feri na tope la barabara vinakojificha.

Sasa zije ndoo mbili. Ya kwanza ina maji na shampuu, ya pili ina maji matupu. Chovya glavu katika shampuu, osha sehemu moja, mathalani nusu ya paa, kisha kabla ya kurudi kwenye shampuu isuuze glavu katika ndoo ya maji matupu na kuikamua. Mwisho wa kazi tazama chini ya ndoo ile ya pili. Utaona mchanga uliotuama. Tulipouona kwa mara ya kwanza tulinyamaza, kwa sababu tulikumbuka miaka ambayo mchanga kama huo ulikuwa katika ndoo moja, nasi tukiurudisha juu ya gari la baba.

Osha kwa mpangilio wa juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, buti, sehemu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu ya chini ya milango na bampa, kwa maana huko ndiko kwenye uchafu mkali zaidi. Mkono uende kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Ile mizunguko midogo kama utando wa buibui ambayo huonekana juani kwenye magari meusi hutokana zaidi na mikono ya waoshaji kuliko barabara. Glavu ikianguka chini, iweke kando hadi itakapofuliwa. Usiipanguse na kuendelea.

Suuza kwa mtungi wa tatu, tena kutoka juu. Usiache hata sehemu moja ikauke na sabuni. Kisha kausha kwa taulo, ukiilaza juu ya bati na kuivuta taratibu. Fungua milango yote, boneti na buti, upanguse kingo zake za ndani. Mwisho endesha gari mwendo mfupi ili breki zikauke. Kesho yake ukiona diski za breki zina wekundu kidogo, usitishike. Hutoka mara uanzapo kutumia breki.

Vitundu vya chini ya milango

Hapa ndipo palipotugharimu, basi turuhusuni tukae kidogo.

Mlango wa gari si bati moja. Ni mfuko wenye bati la nje na la ndani, na kati yake kioo hupanda na kushuka. Ule mpira ulio chini ya kioo hauzuii maji yote. Mengine huteremka ndani ya mlango kila inyeshapo mvua na kila uoshapo gari. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka vitundu vidogo chini kabisa ya mlango ili maji yatoke. Vitundu hivyo vikizibwa na vumbi, majani au utomvu uliokauka, mlango hugeuka kuwa birika. Maji hutuama humo, yakiwa na chumvi yake, na kutu huanza kwa ndani. Siku utakayoiona kwa nje, bati limekwisha kuliwa.

Gari letu lililazwa kila usiku chini ya mwembe. Maua na vijani vya mwembe viliingia penye mpira wa kioo vikashuka ndani. Sisi tulimwagia maji kila Ijumaa, kwa upendo, na mlango ukayahifadhi.

Kwa hiyo, kila uoshapo, fungua mlango, chuchumaa, tafuta vitundu hivyo kwenye ukingo wa chini, kisha ingiza chelewa taratibu uvizibue. Chelewa ni ngumu kiasi cha kutoboa uchafu na laini kiasi cha kutokwaruza rangi kama ufanyavyo waya. Mimina maji kidogo penye mpira wa kioo utazame kama yanatoka chini. Fanya hivyo pia kwa mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, mahali majani yanapopenda kujikusanya. Kazi yote ni dakika tano, haihitaji fedha, na mtoto wa miaka minane anaiweza.

Kunguru, miembe na turubai

Kunguru hawa tunaowaona kila mahali, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliofikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wana desturi ya kuacha alama zao juu ya magari. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na kikipigwa na jua juu ya bati la moto huila vanishi kwa muda mfupi. Usikikwangue kikiwa kikavu. Weka juu yake kitambaa kilicholowa maji, ukiache dakika kumi, kisha ukinyanyue bila kusugua. Utomvu wa mwembe nao hulainika kwa spiriti kidogo kwenye pamba. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na usuuze mara moja.

Wengine hulifunika gari kwa turubai wakidhani wamelihifadhi. Kufunika ni kuzuri ikiwa gari ni safi na kavu, na kifuniko kinapitisha hewa. Turubai la nailoni likitupwa juu ya gari lenye chumvi hufungia unyevu ndani, na upepo ulipeperushapo, mchanga ulio chini yake husugua rangi usiku kucha.

Nta, na kovu dogo

Baada ya gari kuwa safi na kavu, nta ndiyo nguo yake. Si lazima iwe ya bei kubwa. Nta nyingi za magari zina karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo hujipaka nta ili jua lisiyakaushe majani yake, na wanadamu wakaiazima hekima hiyo. Paka tabaka jembamba, sehemu moja baada ya nyingine, liache lififie, kisha ulipanguse kwa kitambaa kikavu. Ili kujua kama nta ingalipo, nyunyiza maji: yakijikusanya kama shanga, ipo, yakitandaa, imekwisha. Kwa jua letu, kila baada ya miezi miwili au mitatu inatosha.

Tahadharini mchanganye nta na polishi. Nta huongeza tabaka juu ya rangi. Polishi huondoa rangi au vanishi kidogo ili kufuta mikwaruzo. Mwenye kupiga polishi kila mwezi anapunguza ile kinga tuliyosema ni nyembamba.

Jiwe likitoboa rangi hadi chuma kikaonekana, usingoje. Safisha, kausha, upake kichupa kidogo cha rangi ya kugusia. Namba ya rangi ya gari huandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Tone moja leo laweza kukuepusha na fundi wa bodi mwakani.

Na kwa asiye na nafasi ya kuosha nyumbani, hatumkatazi kuwapa kazi vijana wa kuosha magari. Wanatafuta riziki ya halali. Shida iliyopo mara nyingi ni kitambaa kimoja kupita juu ya magari 20. Mpelekee kijana glavu na taulo zako mwenyewe, mwombe akuoshee chini ya bodi, na umzidishie kidogo. Ukiosha nyumbani nako, maji ya sabuni yasielekezwe mlangoni kwa jirani wala mtaroni. Mitaro yetu ya mvua huishia baharini. Yamwage penye mchanga au kokoto zinazoyanywa.

Neno la mwisho

Huenda mkapenda kujua yaliyompata mdogo wetu. Gari liliuzwa kwa bei ile ya chini, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Sisi wakubwa tulikaa kitako, tukahesabu fungu lake lingekuwa kiasi gani lau milango ingekuwa mizima, na tofauti yake tukaichanga kutoka mifukoni mwetu. Hakuna aliyetulazimisha. Mama alituambia si lazima, maana hatukukusudia. Lakini tuliona kwamba amana haiulizi nia peke yake. Huuliza pia kama mtu alijitahidi kujua namna ya kuitunza.

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Nyumbani tuna gari jingine, la viti saba, na Ijumaa asubuhi watoto wetu hugawana kazi: mmoja magurudumu, mmoja vioo, mmoja ndoo. Vitundu vya milango hakuna mtoto anayepewa wakati shangazi yao yupo. Huchuchumaa yeye mwenyewe na chelewa yake, mlango baada ya mlango, na hanyanyuki mpaka ayaone maji yakitoka.

Basi Ijumaa ijayo, in shaa Allah, kabla hujaenda kuoga, chomoa chelewa moja kwenye ufagio ukaitazame milango ya gari lako. Wabillahi tawfiq.